Mama Aliyepima Filamu kwa Masikio

Mama wenzangu, mwenye mtoto asikie. Katika mtaa mmoja wa Kasongo wanawake walikusanyika wachague mtu wa kuwalindia watoto macho, wakamchagua aliye mwoga kuliko wote. Na hawakukosea kwa haraka. Walikosea baada ya kufikiri sana.

Jina lake Léocadie, lakini mtaani aliitwa Mama Régina, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kuku wa sikukuu alichinjiwa na jirani, yeye akiwa ndani ya nyumba ameziba masikio. Mtoto wake akijikata kidole, mtoto ndiye aliyembembeleza mama. Tairi la pikipiki likipasuka barabarani, alitoka mbio kuwahesabu watoto wake, hata Régina mwenyewe, mwenye miaka ishirini. Kwa hiyo Papa Kamaldine, mwenye sinema, alipokubali kwamba filamu ya watoto ya Jumapili itaangaliwa kwanza na mama mmoja siku ya Jumamosi, Mama Cécilia, mkubwa wa kikundi cha wanawake, hakuzungusha maneno.

"Tumuweke Mama Régina. Yeye akifika mwisho wa filamu bila kulia, hata mutoto mwenye kunyonya anaweza kuiona."

Walicheka, wakapiga makofi, Léocadie akapewa kipande cha chaki. Alisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, na tangu atoke shuleni hakuwa ameshika chaki tena. Akaishika kama askofu anavyoshika fimbo yake. Kazi ilikuwa kuandika kwenye kibao cha mlangoni moja ya haya matatu: WATOTO WOTE, MIAKA KUMI NA MBILI, au WAKUBWA TU.

Shida ni kwamba mwoga haangalii. Mwoga anafunga macho. Wanawake wote wale hawakuliwaza hilo. Aliyelijua ni mwenye chaki peke yake, naye alinyamaza, maana heshima ilikuwa imeshaanza kuwa tamu.

Tena kulikuwa na jambo la mkwe. Filamu za Papa Kamaldine zilifika kwa pikipiki kupitia Kabambare, ndani ya kadi ndogo kama ukucha, zikisema lugha ambazo mtaani hakuna anayezisikia. Mwanaume mmoja, Iliasi, ndiye aliyekaa na mikro, yaani kipaza sauti, akazisemesha Kiswahili. Alichimba dhahabu upande wa Wamaza miaka mitatu, akatoka huko na kikohozi na maneno mengi. Kiingereza hakukijua. Alijua watu. Akiona mwanaume amekunja uso kwenye picha, alijua atakalosema, na mara nyingi lake lilikuwa zuri kuliko la mwenye filamu.

Huyo Iliasi alikuwa amekwisha kupeleka mbuzi wa kwanza nyumbani kwa kina Régina. Mahari ilikuwa bado, lakini ukwe ulikuwa umeanza. Na huku kwetu ukwe si mchezo. Mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, na maneno ya damu, ya tumbo, ya nguo kuvuliwa hayapiti katikati yao. Ndiyo sababu Jumamosi walikaa hivi: Iliasi mbele na mikro yake, uso kwenye picha. Léocadie kwenye benchi ya mwisho, mgongo kwa picha, uso kwenye mbao za ukuta, kitenge juu ya kichwa.

Papa Kamaldine aliuliza mara moja tu.

"Mama Régina, filamu iko upande huu."

"Na mukwe wangu iko upande gani?"

"Upande huu huu."

"Sasa unataka nimutazame mukwe?"

Papa Kamaldine akaenda kuwasha jenereta. Kwa mwenye sinema, mama asiyetazama ni mama mzuri sana. Léocadie naye alishukuru chini ya kitenge chake. Ukwe unamletea mwanamke haya nyingi na faida chache, na yeye alikuwa amepata faida ya kwanza.

Hivyo alizipima filamu kwa masikio. Iliasi akisema "wanapigana", aliandika MIAKA KUMI NA MBILI. Iliasi akisema "wanapendana", aliandika WAKUBWA TU na kukandamiza chaki mpaka ivunjike, maana hapo alikuwa mkali. Miezi mitatu ikapita. Wanawake wakaanza kumsalimia kwa mbali sokoni, kwa heshima. Mmoja alimuuliza hata dawa ya minyoo, kana kwamba chaki inafundisha na hilo, na Léocadie akamjibu.

Ndipo ikaja filamu ya Mutu wa Tope.

Aliposikia jina, moyo ulimcheza kwa furaha. Alikuwa ameiona akiwa na miaka minane, kwenye uwanja wa parokia, mapadri wametundika shuka nyeupe. Ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Zimwi lilitoka kwenye kinamasi likatembea polepole, hata mzee mwenye goti bovu angelikimbia akapumzika njiani akalikimbia tena. Mgongoni zipu ya nguo yake ilionekana. Lilimbeba mwanamke mmoja, likachoka, likamweka chini. Damu, hakuna hata tone. Watoto walicheka mpaka padri naye akacheka. Ni filamu pekee ya kutisha ambayo Léocadie aliwahi kuimaliza, na aliisimulia kama mtu aliyeua chui.

"Hii ni mupya," Papa Kamaldine alimwambia, akimwonyesha picha ya filamu kwenye simu. "Wameitengeneza tena. Ile ile, lakini na rangi."

Kwenye kona ya picha palikuwa na duara jekundu, na ndani yake namba 18.

"Na hii?"

"Miaka ya Wazungu. Mwenye hajafikisha kumi na munane asiangalie."

"Kumi na munane! Kwa Mutu wa Tope?" Léocadie alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi niliiangalia na miaka munane, na kamasi puani."

"Watoto wa Ulaya wanalala kila mumoja chumba chake, Mama Régina. Hata panya inawatisha. Wetu wanalala watano kitanda kimoja. Zimwi litapata nafasi wapi?"

Neno hilo likamwingia vizuri. Mama wenzangu, hapa ndipo pa kusimama kidogo. Duara lile lilikuwa pale, jekundu, halina haya, halina mkwe. Aliyeliweka alikuwa ameangalia kwa macho yake mpaka mwisho. Léocadie akalicheka.

Jumamosi alikaa mahali pake, uso kwenye mbao. Muziki ukaanza, maji yakasikika, kisha mtu akapiga yowe na kitu kikavunjika kama kuni mbichi. Iliasi akakohoa.

"Hapa… hapa huyu muvuvi amepumzika."

Kitu kikavunjika tena.

"Amepumzika sana."

Léocadie akatikisa kichwa. Kulikuwa na makelele, ndiyo, lakini hata ile ya zamani ilikuwa na makelele. Mbele kidogo mwanamke akalia sana, na Iliasi akahangaika na mikro kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Huyu mama alikuwa anaumwa tumbo," akasema mwishoni. "Wanamusaidia."

Hata huruma imo, Léocadie aliwaza. Akaikumbuka zipu, akatabasamu peke yake kwenye mbao. Filamu ilipokwisha aliandika WATOTO WOTE, akapiga mstari chini, na kwa sababu chaki ilibaki akaongeza: NI NZURI.

Nyumbani alimsimulia Emmanuella, kitindamimba wake wa miaka minane. Alijifunga kitenge kifuani, akatembea kama Mutu wa Tope kutoka jikoni mpaka kwenye mti wa mpapai, mikono mbele, miguu mizito. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, twende wote kesho. Ukae karibu yangu. Iko damu?"

"Hata tone."

"Uliona?"

"Niliona," Léocadie alisema. Na kweli aliona, mwaka wa tisini.

Jumapili baada ya misa sinema ilijaa. Wadogo walikaa mbele kwenye mikeka, wengine na wadogo zao mapajani. Mama Cécilia alikuja na wajukuu watatu. Iliasi alipomwona mama mkwe anaingia, tena akiwa ameelekea picha, alishtuka, akaisalimu sakafu. Léocadie alikaa katikati kabisa, kama mwenye filamu, Emmanuella ubavuni.

Mvuvi alikuja na mtumbwi wake. Maji yakachemka. Mutu wa Tope akatoka, na hakuwa na zipu. Hakutembea polepole pia. Alimrukia yule mvuvi, na kichwa kikatoka kama kizibo cha bidoni ya maji, kikaanguka ndani ya mtumbwi, kikaendelea kupepesa macho.

"Muvuvi… amepumzika," Iliasi alisema, sauti chini.

"Amepumzika bila kichwa!" mtoto mmoja akapaza sauti, na watoto wakubwa wakaangua kicheko.

Kisha yakaja ya yule mwanamke. Tumbo lilifunguliwa mbele ya watu wote kama mfuko wa soko, na yaliyokuwa ndani yakatolewa, moja moja, bila haraka, na rangi zake zote.

"Wanamusaidia," Iliasi alisema.

"Wanamukula!" watoto wakamrekebisha.

Léocadie akafanya alichozoea kufanya. Akavuta kitenge afunike uso, na chini ya kitenge akamkuta Emmanuella ameshaingia kabla yake. Mkono wa mtoto ulikuwa baridi kama samaki.

"Mama," mtoto alinong'ona, "ulisema uliona."

Hakulia. Angelia, ingekuwa nafuu. Alimtazama tu mama yake kwa karibu, ndani ya giza lile la kitambaa, kama mtu anayemsoma.

Akili ya Léocadie ilimletea njia tatu za kuhepa. Kusema Papa Kamaldine amebadilisha kadi. Kusema mkwe alimdanganya, na ndoa ya Régina ife na mbuzi arudishwe. Au kuzirai. Ya tatu ilimvutia sana, na alikuwa ameshaanza kulegeza magoti. Lakini Emmanuella bado alikuwa anamtazama, na mbele, kwenye mikeka, kitoto kidogo kilikuwa kimekaa mdomo wazi, hakicheki, hakilii, hakipepesi.

Akainuka. Alipita juu ya miguu ya watu, akakanyaga vidole vya mjukuu wa Mama Cécilia, akasimama mbele kabisa. Picha ikamwangukia yeye. Damu ikamshuka kwenye blauzi ya misa, meno ya Mutu wa Tope yakamkaa kwenye kilemba, na watoto waliokuwa wamestahimili filamu yote wakapiga yowe kwa sababu yake.

"Papa Kamaldine, zima!"

"Mama Régina, ondoka, unaziba!"

"Zima!"

"Wewe mwenyewe uliandika watoto wote! Uliandika NI NZURI!"

"Zima, nitasema!"

Jenereta ikazimwa. Mlango ukafunguliwa, jua likaingia. Mama Cécilia alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mama Régina, si uliiangalia jana?"

"Sikuiangalia." Sauti ilitoka ndogo, akailazimisha. "Hii wala zingine. Hata moja. Miezi mitatu naangalia mbao. Namusikiliza mukwe tu."

Iliasi alisahau kwamba mikro haina umeme, akaishika hivyo hivyo mdomoni. "Mama, mimi nilijua unachungulia kidogo ndani ya kitenge! Ningekwambia namna gani kichwa imetoka? Wewe ni mama yangu!"

Mara ya kwanza tangu ukwe uanze, alikuwa amemtazama usoni. Akagundua, akageukia ukuta haraka. Hapo ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama Cécilia peke yake hakucheka.

"Na ile ya mamba? Mwezi uliopita niliwatuma wajukuu kwa ile ya mamba, uliandika watoto wote! Hawa watoto hawataki kuoga tena!"

"Ile ya mamba ilikuwa namna gani?" Léocadie aliuliza. Hakufanya mzaha. Alitaka kujua.

Mama Cécilia akanyoosha mkono, Léocadie akamrudishia chaki. Jioni ile hakuna aliyemsalimia kwa mbali. Walimsalimia kwa karibu, wakitembea mikono mbele, miguu mizito.

Hayo angeyameza. Alikuwa mwoga wa damu, si mwoga wa kuchekwa. Lakini Jumatatu asubuhi Emmanuella alikataa kwenda kuchota maji. Chemchemi iko bondeni, na kabla ya kufika unapita kwenye tope, chini ya matawi ya miti ya mibale. Mtoto aliyeipita njia hiyo kila siku akiimba, leo alishika mlango.

Léocadie akachukua bidoni, wakashuka wote wawili. Umande ulikuwa haujakauka. Walipofika penye tope, Emmanuella akasimama. Ndani ya tope kitu kilitoa povu, kikanyamaza.

"Mama, Mutu wa Tope iko humu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile ambalo kila mama analo, limeiva na limeoshwa: hakuna kitu, mwanangu, twende. Alifungua mdomo alitoe. Mtoto alikuwa anamtazama kama jana.

"Sijui," Léocadie akasema. "Sijaangalia. Mimi pia naogopa."

Emmanuella alifikiri. Alitazama tope, akatazama miguu ya mama yake, iliyokuwa inatetemeka kweli. Kisha akampokonya kitenge begani, akakikunja, akakiweka kwapani mwake.

"Basi wewe chota," akasema. "Mimi nitaangalia."

Léocadie akavuka, akainama kwenye maji, mgongo kwa tope. Nyuma yake mtoto alisimama wima, macho ameyatoa, na kila mara akisema kwa sauti: "Bado. Bado hakuna. Chota."