Fungu la Bibi Kafedha

Bi Mwanamkasi, tuliyepakana naye ukuta hapa Magogoni, ashikilia kuwa alimwona bibi yangu bandani akikama. Alitoka kumwaga maji baada ya swala ya alfajiri, asema, akamwona Bibi Kafedha kwenye kigoda chake, leso kichwani, ameshika chuchu ya nyuma ya kushoto. Bibi tulimzika mwaka jana. Na huyo aliyekuwa akikamwa, Lulu, ni mtamba. Ana mimba ya kwanza, hajazaa bado.

"Wallahi Asmaa, hata maziwa niliyasikia yakilia ndooni."

"Ulikuwa hujanywa chai, Bi Mwanamkasi."

"Cheka mwanangu. Meno yako, na ng'ombe wako."

Kweli ni wangu. Bibi alinipa Lulu angali ndama, na ndicho kitu pekee katika nyumba hii ambacho mtu akitaka kukiuza lazima aniulize mimi. Niliacha kucheka, nikaenda kumtazama.

Alikuwa amesimama na mguu wa kushoto ameutupa nje, vile alivyosimama mamake, na bibi yake kabla yake. Chuchu ya nyuma ilikuwa inadondoka. Nikachukua kikombe chetu cha kupimia, kilichofungwa kitambaa cha buibui kuukuu la Bibi, kwa kuwa juu ya cheusi maziwa mabovu hayajifichi. Nikakinga. Yakabaki mabonge madogo, na maji ya manjano yakapita. Kiwele upande ule kilikuwa cha moto kama paji la mtoto mwenye homa.

Mama hakushtuka. "Hilo ni fungu la bibi yako."

Kwetu chuchu hiyo haikamwi ikaisha. Bibi alitufundisha kubakisha kidogo, fungu la waliotangulia. Na kila ng'ombe wa uzao huu, siku moja chuchu hiyo hupata moto, huwa ngumu, kisha hufa. Bibi akisema fungu limepokewa. Mimi kwa muda mrefu niliwaza kuwa ni yale maziwa tunayobakisha ndiyo yanayoozea ndani. Lakini Lulu hajakamwa na mtu. Nani alimbakishia?

Gershom, daktari wa mifugo, alikuja akamtia dawa. Akawa ananawa mikono huku anatikisa kichwa.

"Dada yake yule mliyemuuzia Absalom kule Miritini, nimemtibu majuzi. Chuchu hiihii."

Absalom ni mtu wa bara. Hukama mpaka tone la mwisho, na habari za fungu hajawahi kuzisikia.

"Ni damu," Gershom akasema. "Kiwele hurithiwa, kama nyinyi mlivyorithi hiyo pua. Hawa kwao viwele vinaning'inia, na tundu la chuchu halifungi vizuri, uchafu unapanda. Bibi yenu alipenda maziwa mengi, akaweka kila jike wa uzao huu. Ameweka na ugonjwa. Asmaa, uzao huu usiuendeleze. Tafuta ng'ombe wa kwengine, nami nitakuletea mbegu ya dume ambaye binti zake wana viwele vizima."

"Na mbona ni kushoto tu, daktari?"

Alikung'uta maji vidoleni. "Hapo sijui, dada."

"Mimi najua," Mama akasema, na akatabasamu. "Bibi yako amemfuata mpaka Miritini."

Lulu alizaa Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Chuchu tatu zilitoa dang'a, yale maziwa ya kwanza, nzito, ya rangi ya kiini cha yai. Ya nne haikutoa kitu. Ndama alikuwa jike. Nilimpangusa kwa gunia, akajikokota, akaanguka, akajaribu tena, na aliposimama sawasawa akautupa mguu wa kushoto nje. Hana kiwele bado. Hana kinachomuuma.

Mama alikuwa mlangoni. "Huyu ataitwa Kafedha."

"Mama, nisikilize. Lulu nitamuuguza mpaka mwisho wake, maana nimepewa. Lakini huyu nakuomba tusimweke wa kuzaa. Uzao huu uishie kwake. Kubali, Mama."

Nje Bi Mwanamkasi alikuwa akifagia. Ufagio wake ukanyamaza.

Mama alikitoa kigoda cha Bibi pale kilipotundikwa, akakifuta vumbi kwa ncha ya leso, akakiweka karibu na ndama. Nilidhani atakaa, anijibu. Hakukaa. Alirudi nyuma hatua kidogo, akabana mgongo ukutani, kama anayempisha mtu apite.