Usingizi wa Roshani

Kwetu mtoto akipigwa na kaupepo tu, anavikwa kofia mbili, na bibi yake anamlaumu mama mtu wiki nzima. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza kazini, katika chekechea moja ya Vällingby, hapa Stockholm, nilidhani nimeajiriwa na wauaji. Baada ya chakula cha mchana, Gunilla, mwalimu mwenzangu, aliwavika watoto nguo za sufu, akawalaza kwenye vigari vyao juu ya ngozi za kondoo, kisha akavisukuma vigari vyote nje kwenye baridi, akavipanga ukutani kama baiskeli. Theluji ilikuwa inaanguka.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa wanalala."

Na wakalala fofofo. Kazi yangu ilikuwa kuwalinda, na mara kwa mara kupenyeza vidole viwili nyuma ya shingo ya kila mmoja. Mashavu yakiwa baridi, si neno. Shingo ikiwa na joto, mtoto yuko salama. Walipoamka walinitazama kwa macho maangavu, kama wasafiri wenye mengi ya kusimulia, ila meno ndiyo bado.

Hawa wakilala huwa wanaenda wapi? Swali hilo liliniganda kichwani. Msimu huu wa baridi likawa swali langu mwenyewe, kwa sababu maneno yalinikimbia.

Mimi ndiye msemaji wa sherehe. Nina diploma ya ualimu wa Kiswahili, na Waafrika Mashariki wa Stockholm wanalijua hilo kuliko mwajiri wangu. Iwe harusi, ubatizo au msiba, utasikia: "Mwiteni Wamuyu aseme." Nami nasema. Mkongomani anakuja na Kiswahili chenye Kifaransa, Mganda na chake chenye Kiganda, nami nawafanya wote wacheke kwa pamoja. Hiyo ni fahari yangu na sioni sababu ya kuificha. Lakini tangu Novemba nilikuwa chekechea mchana, nasafisha ofisi jioni, na kila wikendi niko kikaoni. Siku moja nilisimama mlangoni kwangu, nimekikanyaga kile kibao cha chini ambacho kila mtu hukivuka akiingia nyumbani, na jina lake halikuja. Mimi, kukosa neno! Nililia nikiwa nimevaa viatu.

Na harusi ya rafiki yangu Pearl ilikuwa inakaribia. Baba yake, aliye Uganda, alikuwa amenyimwa viza. "Atasikiliza kwa simu kutoka Masaka," Pearl aliniambia. "Hataniona, Wamuyu. Atakachopata ni maneno yako tu." Nilikuwa sijapata hata sentensi moja.

Jumamosi ya kikao cha mwisho cha harusi, wiki moja kabla ya siku yenyewe, nyumbani kwa Mama Wilkister kule Jordbro, niliamka nikatazama theluji dirishani, nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilikokota kiti cha sebuleni hadi roshani, ambayo iko karibu na ardhi, maana naishi ghorofa ya chini. Nikatandika ngozi ya kondoo, nikavaa sufu, nikajifunika mablanketi mpaka kidevuni. Simu nikaizima. Nilitaka tu kujua wanaenda wapi.

Kwanza pua iliuma. Kisha nikagundua kwamba theluji ina sauti, ndogo sana, kama mtu anayepepeta unga chumba cha pili. Uso ulikuwa wa baridi na mwili wote ulikuwa wa moto, na akili haikujua ikae upande gani, basi ikaacha kufikiri. Zaidi ya hapo sina la kusimulia. Nililala.

Sasa, watu wetu wanajua sababu mbili tu za kuzima simu: umekufa au umefiwa. Mama Wilkister, mwenyekiti wa kamati, alikatiza kikao, akachukua chupa ya chai na chapati za wajumbe, akamwamuru Alvin, mweka hazina, aendeshe gari. Walifika giza la alasiri likianza kuingia. Walipozunguka nyuma ya jengo, waliona mtu amelala roshani, hatikisiki, theluji imemfunika hadi kifuani.

"Ana theluji kwenye kope! Alvin, kwenye kope!"

"Usimguse, Mama. Tuite polisi kwanza."

"Polisi wa nini? Huyu ni mtoto wetu."

Nilisikia hayo kwa mbali. Kisha mtu akapanda ukingo wa roshani akihema, na mkono usio na glavu, baridi kama samaki wa friji, ukaingia nyuma ya shingo yangu.

"Ana joto," Mama Wilkister akasema, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Nikafungua macho. "Shikamoo, Mama."

"Usinishikamoo! Unafanya nini huku nje?"

"Nimelala."

"Huna kitanda?"

"Ninacho."

"Kina kunguni?"

Alvin alikuwa ameshika ukingo akicheka mpaka anakohoa. "Nyabo, bibie, nilikuwa nawaza nani atazungumza kwenye mazishi yako. Maana mzungumzaji ni wewe."

Tuliingia ndani. Chai ikamiminwa, lakini Mama Wilkister hakunywa. "Unajua utaratibu. Asiyefika bila taarifa anasimama na kuomba radhi. Lakini kwanza, hotuba iko wapi? Baba wa watu anangoja."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba sina. Badala yake nikasema: "Baba, sogeza simu sikioni. Huo mlio unaousikia ni viatu vya binti yako. Anavuka kizingiti."

Kizingiti. Lilikuja lenyewe, na nyuma yake yakafuata mengine, yamejipanga kama vigari. Nilisema mpaka chai ikapoa. Alvin alikuwa ameacha kucheka, anakunja leso yake.

Mama Wilkister alitazama kile kiti nje. "Kuna nini pale?"

"Sijui. Ndiyo maana nilienda."

Alisimama, akatoka, akaketi na koti lake na mkoba mapajani, kama anayesubiri basi. Tulimtazama kupitia kioo. Baada ya muda kidevu kilishuka, mkoba ukateleza. Nilitoka nikampima shingo. Ilikuwa na joto.

Aliporudi ndani, shavu lake lilikuwa na alama ya manyoya ya kondoo. "Hiyo ngozi uliinunua wapi?" akauliza. Nikamwambia. Akaketi wima, akaweka mkoba sawa. "Vizuri. Sasa simama uombe radhi. Utaratibu ni utaratibu."

Nikasimama.

"Chai nitawapashia," nikasema. "Jumamosi nitazungumza mpaka Masaka walie kwenye simu. Na kesho nitalala pale pale, simu ikiwa imezimwa. Radhi siombi."