Chungu cha Tatu

Godelieve alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Mpe maharage ayachambue, atayachambua, kisha atayarudia tena yote. Mwambie subiri, umemtukana. Na katika nyumba aliyoolewa, pale Baraka, kazi aliyoikuta ni ile inayotaka kusubiri kuliko zote: kufinyanga.

Masufuria yalikuwa yamekwisha kufika madukani, lakini ukoo wa mumewe haukuyahesabu. Kwao, mke mgeni alipika kwenye meko ya mama mkwe mpaka afinyange chungu chake mwenyewe, kikauke, kichomwe, kichemshe maji bila kuvuja. Hapo ndipo alipopewa mafiga yake. Vikimpasukia vitatu mfululizo, alirudishwa kwa baba yake akajifunze upya, na waliorudishwa, wengi wao hawakuonekana tena.

Cha kwanza cha Godelieve kilipasuka kitako kwa sababu alikianika juani ili kiwahi kukauka. Cha pili kilifanya ufa mwembamba ubavuni, naye akaukimbilia na udongo mbichi, akauziba, akalainisha, akajisifu. Kesho yake kiraka kilijivuta, kikabanduka, na ufa ukawa mpana kuliko mwanzo.

"Habazibake hivyo ufa ya kukauka, mutoto yangu," alisema Anastasie, mama mkwe wake, mfinyanzi wa siku nyingi. "Unailowesha kwanza na kitambaa, pole pole. Unaikwangua. Unatia budongo ya namna moja na unga ya bigae, kisha unagonga na jiwe. We ulikimbia."

"Mama, niliona inafunguka. Ningefanya nini?"

"Ungeikala kwanza. Ungetulia."

Basi kikabaki kimoja cha kufa kupona. Godelieve alitwanga vigae vya vyungu vya zamani, akachanganya unga wake na udongo, akapandisha tabaka juu ya tabaka huku mama mkwe akimtazama. Kitako alikigonga kwa kokoto ya ziwani mpaka mkono ukauma, maana kitako kilegevu ndicho hupasuka kwanza. Chini yake akachora alama yake kwa ukucha, mistari miwili iliyokatana. Anastasie akakifunika kwa majani ya migomba, akakiweka kwenye pembe ya jiko ambako upepo wa ziwani haukufika. Upepo ule ulikuwa adui: hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na upande mkavu ukianza kujivuta, chungu kwisha.

"Majani yatakauka yenyewe," alisema. "Usifunue."

Labda Godelieve angeweza kusubiri. Lakini mumewe, Norbert, aliyekuwa akichimba dhahabu huko Misisi, alituma salamu kwamba anarudi mwezi ukiisha, na ana hamu ya kula kwa mke wake. Kwa mke wake! Tangu hapo Godelieve hakutulia wala hakulala. Alikwenda shamba, akapiga jembe mara chache, akarudi. Akainua jani. Akaona mdomo wa chungu umekauka mno, akaupangusa kwa kitambaa chenye maji. Akaona sasa umelowa mno, akaacha wazi upigwe na hewa. Akajuta, akafunika. Kufika kisimani, roho ikamrudisha.

"Hata Baraka penyewe, haraka haina baraka!" jirani yake Georgette alimtania, na bamama wote kisimani wakacheka. Godelieve alicheka nao, lakini lilimchoma.

Anastasie aliyaona yote, akaendelea na kazi zake. Utulivu ule ulimkera Godelieve kuliko matusi.

Asubuhi moja akainua jani, na ufa ulikuwa pale, kutoka mdomoni hadi tumboni, kidole kingeingia. Hakulia. Alikwenda kufunga nguo zake kwenye kitenge, akiwaza Makobola kwao na vicheko vitakavyomngoja. Alikasirikia udongo, alikasirikia ukoo mzima, na zaidi alimkasirikia yule mama mzee, ambaye bila shaka alitaka kumlisha mwanawe mpaka kaburini. Amefurahi sasa, aliwaza. Halafu akakibeba kile chungu akakitupe nje, ili Anastasie asipate hata raha ya kukitazama.

Alipokigeuza, kitako kilikuwa laini. Hakikuwa na alama.

Akabaki amekishika hivyo hivyo mpaka Anastasie alipoingia na mtungi wa maji kichwani.

"Mama, hii nyungu haiko yangu."

"Ndiyo."

"Yangu iko wapi?"

Anastasie alitua mtungi, akainama kwa kukohoa, akavuta kapu kubwa kutoka chini ya kitanda chake. Majani yaliyokuwa juu yalikuwa yamekauka yenyewe, mepesi. Ndani yake chungu cha Godelieve kilikaa kizima, kimepauka, hakina hata unywele wa ufa. Chini kilikuwa na mistari miwili iliyokatana.

"Siku ulishinda shamba, mbele ya salamu ya Norbert kufika, nilifinyanga ingine sawa na yako," alisema. "Mikono yako ilitaka kitu ya kusumbua."

"Na mi nateseka siku zote hizi! Mama, nguo nimefunga!"

"Basi fungua. Nyungu inangoja moto."

Godelieve alitaka kugombana, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka.

Walikichoma kwa magome na nyasi kavu, wakakipaka uji wa muhogo kingali cha moto ili kisivuje, na kilipochemsha maji mbele ya bamama halikudondoka hata tone. Norbert akarudi. Mafiga yakapangwa upande wa pili wa ua, ugali ukasongwa, ndagala wa ziwani wakaungwa, na mume akaketi kula kwa mke wake, akisifu kila tonge.

Ng'ambo ya ua, meko ya Anastasie hayakuwa na moshi. Alikuwa amemlisha Norbert tangu jino la kwanza, na mtu mmoja hawashi moto kwa ajili ya tumbo lake tu. Alikuwa akitafuna kipande cha muhogo baridi, ameugeukia ukuta. Godelieve alimwona, akaliweka tonge lake chini. Mama angeweza kukiacha tu chungu changu pale jikoni, aliwaza. Asingefanya lolote baya. Mikono yangu ingekimaliza yenyewe, na mwanawe angebaki wake.

Akainuka kabla Norbert hajamaliza kusifu. Akapakua, akavuka ua kwa haraka, mchuzi ukimmwagikia kidoleni.

"We," Anastasie alisema, bila kugeuka, "hata kula hauwezi kuikala?"

"Siweze, Mama," Godelieve alijibu, akaketi chini karibu naye.