Klachi ya Lusweti

Chrispinus alisema mbele ya watu wa Shianda kwamba mimi ndiye niliyemuua ndugu yake. Hata hakulia. Alisimama mkono kiunoni kama mtu anayetangaza mnada, na wateja wangu wawili wakachukua pikipiki zao kabla sijamaliza kukaza boliti.

Ndugu yake, Lusweti, alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mnyororo wa kupakia miwa ulimkata vidole vinne vya mkono wa kushoto, na mtu asiye na vidole hawezi kubana klachi. Naye alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Mashamba ya Musanda wakati wa mvua hayafikiki ila kwa pikipiki. Basi nilimtafutia pikipiki ndefu ya matope, ile ya matairi yenye meno, nikaifungia klachi inayojifanyia kazi yenyewe. Mkono wa klachi nikautoa kabisa.

Wacha nieleze, maana hakuna aliyenipa nafasi. Ndani ya klachi hiyo mna vyuma vidogo vizito. Injini ikizunguka polepole, vimelala, na pikipiki inatulia hata kama iko kwenye gia. Ukivuta mafuta, injini inashika kasi, vile vyuma vinatupwa nje kama sketi ya msichana anayezunguka katika ngoma, vinabana, na pikipiki inaondoka. Gia unabadilisha kwa mguu tu. Lusweti aliendesha hivyo miaka miwili, akiwacheka wenye vidole kumi.

Kisha trekta la miwa lisilo na breki likamgonga akiwa kando ya barabara. Chrispinus akasema klachi ilishika yenyewe, ikamrusha mbele ya trekta. Niliikagua ile pikipiki kabla hawajaichukua. Klachi haikuwa na kasoro hata moja. Nani alitaka kusikia?

"Ukikanyaga boma letu, Masinde, nitakuvunja miguu," akaniambia.

Siku ya mazishi nilienda hata hivyo, nikasimama nje ya ua wa michongoma kama mwizi wa kuku. Ndani, waendesha boda walikuwa wakipiga resi, ndivyo wanavyomuaga mwenzao wa pikipiki: injini zinanguruma kulizunguka jeneza mpaka huwezi kusikia wanaolia. Chrispinus akaisukuma pikipiki ya marehemu kutoka nyuma ya nyumba, akaiwasha, akaipanda. Kiatu chake kikagusa gia, kikaishusha. Pikipiki ikatikisika kidogo, ikatulia.

Pikipiki zote alizowahi kuendesha, ukiingiza gia bila kubana klachi, injini inazima. Hii haikuzima. Kwa hiyo aliamini haijaingia gia. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba iko namba moja.

Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Sikupiga. Nilitaka imrushe. Nilitaka aanguke chali kwenye matope mbele ya ukoo mzima, wote waone ni nani asiyejua pikipiki kati yetu. Mbele yake palikuwa wazi, naapa palikuwa wazi, na nilikuwa natabasamu.

Hapo ndipo Mama Nekesa, mama yao, aliponiona. Alikuwa ameketi kando ya jeneza. Mama huyu alinilisha obusuma, ugali wetu, kwake utoto wangu wote, na tangu msiba uanze alikuwa akituma watu waniambie nisimsikilize Chrispinus, nije. Akainuka, leso mkononi, akaja moja kwa moja upande wangu, akinipungia niingie. Akapita mbele ya ile pikipiki.

Nikapiga kelele sasa. "Mama! Toka hapo! Toka!" Resi zikaimeza sauti yangu. Chrispinus alikuwa amegeuza uso kulitazama jeneza. Akavuta mafuta mpaka mwisho.

Mama Nekesa alifariki hospitalini siku ya tatu, bila kusema neno.

Chrispinus alikuja kwenye kibanda changu akiwa na wazee wawili wa ukoo. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Fundi, nakuomba uniambie ukweli," alisema. "Hiyo kitu iliruka yenyewe, ama ni mimi niliiweka gia? Silalangi. Nataka kujua tu kama ni mimi nilimuua mama."

Ningesema ni gia, angeuliza nimejuaje. Wazee walikuwa wananitazama. Nilifuta mikono kwa kitambaa, nikaifuta tena.

"Ni klachi," nikasema. "Ilishika yenyewe. Nilikosea kuifunga."

Akalia kwa sauti, mtu mzima, kichwa begani mwangu. Kisha akanisamehe pale pale mbele ya wazee, akaniambia mama yake angetaka niwe mmoja wa watakaobeba jeneza lake.