Mtetea na Mayai Matatu ya Mlimani

Helikopta ilikuwa imeshaacha ardhi, na watu waliokuja kuwaaga wameshakuwa wadogo kama sisimizi, ndipo mzee akajipapasa mfukoni na kupiga kelele.

“Mungu wangu! Nimekuja na ufunguo wa chumba cha mashine!”

“Baba, kazini kuna ufunguo wa akiba,” binti yake alimwambia, huku akimkaza mkanda kifuani. “Tulia.”

“Upo, ndiyo. Lakini niliuficha mimi, na hakuna anayejua nilipouficha.”

Mpiga picha, aliyebanwa nyuma na masanduku ya vyombo vyake, alicheka mpaka akakohoa. “Mtetea! Safari hata robo bado, umeshaanza kuatamia?”

Mtetea ndilo jina alilobandikwa kazini, likamganda. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akiangua vifaranga katika kiwanda kidogo nyuma ya soko la mbao: chumba kisicho na dirisha, mashine nne zenye milango ya vioo, na trei za mayai kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Vipimajoto alivitazama kwa heshima tu. Akitaka kujua yai lina joto gani kweli, alifumba jicho, akaligusisha yai kwenye kope, akakutajia. Kipimajoto kikaja baadaye kusema yaleyale. Mwanamume mzima, ndevu nyeupe, anaitwa Mtetea, na akiitwa anaitika.

Binti yake alikuwa amesoma mpaka vitabu vikamchoka. Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwa na dawa hata ya mafua. Udaktari wake ulikuwa wa mifupa ya wanyama waliokwisha kabla mtu wa kwanza hajakanyaga dunia. Ndivyo alivyofundishwa, kwamba walikwisha. Halafu rubani mmoja akapotea njia mawinguni, akapita juu ya mlima uliokatwa kichwa, wenye kuta za mawe pande zote, akarudi na picha: shingo ndefu imetokeza juu ya miti, na pembeni yake biwi kubwa la majani linatoa mvuke.

“Hicho ni kiota,” Daktari aliwaambia wakubwa wake chuoni. “Majani yanaoza, yanatoa joto, mayai yamo ndani. Nahitaji mtu anayejua mayai.”

Wakampa orodha ya wasomi. Akaikunja. “Namtaka baba yangu.”

Wakacheka. Mmoja akauliza kama mzee atakuja na pumba zake. Daktari akajibu kwamba bila baba yake haendi, na kama yai lolote litaharibika mikononi mwa mzee, waandike jina lake yeye, binti. Maneno hayo mzee aliyasikia kwa mpiga picha, si kwa binti. Tangu siku hiyo yalimkaa kifuani kama mtoto aliyelala, akawa anatembea polepole asiyaamshe.

Walifika mchana kweupe. Rubani, kwa nia njema, aliishusha helikopta karibu na biwi ili wasihangaike na mizigo. Hilo likawa kosa la kwanza. Upepo wa mapanga uliyafagia majani yote ya juu, na kutoka nyuma ya biwi akainuka yule mwenye shingo. Alikuwa mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, ngozi ya rangi ya majivu, magoti yamejikunja kama suruali iliyopwaya. Hakunguruma. Aliwatazama kwa jicho moja la mviringo lililolengwalengwa na machozi ya uzee, kisha akageuka, akaingia mitini, na kila hatua yake waliisikia kwenye nyayo zao.

“Huyo ni bibi kabisa,” mpiga picha alisema kwa sauti ndogo. Na Bibi likawa jina lake.

Rubani akaondoka, angewafuata siku ya kumi na mbili. Daktari alichungulia biwini akaona mayai matatu, kila moja kama tikiti maji, yamebaki uchi. Katika wanyama sita aliowahesabu kwenye picha zote, Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na kiota.

“Hawana wengine, Baba. Haya yakifa, ukoo wao ndiyo basi tena. Sisi tunamfuata Bibi, tuone kama atarudi. Wewe yafunike, uyatunzie joto mpaka tuje.”

“Mayai unaniachia mimi, halafu unanipa maelezo?” mzee alisema. “Nenda zako, mwanangu.”

Akayafunika kwa majani, makavu chini na mabichi juu, akaacha tundu la kupitisha mkono, akainama na kupima kwa jicho. Joto safi. Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa kiwanda cha vifaranga hulifanya bila kuwaza, kama unavyofunga vifungo vya shati: akachukua kipande cha mkaa, akachora msalaba upande mmoja wa yai na duara upande wa pili, akaligeuza. Asubuhi msalaba juu, adhuhuri duara, alasiri msalaba tena, na kesho yake akaanza na duara. Yai la kuku lisipogeuzwa, kifaranga hugandamana na gamba akafa. Kuku mwenyewe hugeuza mayai yake kwa mdomo. Hilo mzee alilijua kuliko alivyojua umri wake.

Yai la tatu lilikuwa limebanwa kati ya mizizi miwili. Akasukuma, likagoma, akaogopa kulipasua. “Nisamehe, mjukuu,” aliliambia. “Wewe utalala vibaya.” Siku zote tatu lilimtia aibu, kama fundi aliyemkabidhi mteja kazi nusu.

Siku ya nne Daktari na mpiga picha walirudi, matope mpaka mapajani, nyuso zimechangamka. Bibi hakwenda mbali. Alikuwa ng’ambo ya bwawa, anakula, na kila baada ya kutafuna anageuka kutazama upande wa kiota. Daktari akapiga magoti kwenye biwi, akafukua, akaona misalaba na maduara ya mkaa.

“Baba. Hizi alama za nini?”

“Za kugeuzia. Mara tatu kwa siku, sijakosa hata moja. Ila hilo la mizizini limenishinda, usinihukumu.”

Daktari alirudisha majani juu ya mayai. Alipozungumza, alichagua maneno kama mtu anayeokota vipande vya glasi. “Hawa si kuku, Baba. Kwa mayai wanafanana zaidi na mamba. Yai la mamba haligeuzwi. Kitoto kinajishikiza juu, kwenye gamba, tangu siku za mwanzo. Ukiligeuza, kinazama.”

Mzee aliitazama mikono yake. “Mara tisa,” alisema. “Kila moja mara tisa.”

Mpiga picha akaacha utani, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

“Ungeniambia,” mzee alisema.

“Ningekuambia, ndiyo. Ni kosa langu. Nilikuona umeinama pale kwenye majani, nikajiona niko kiwandani kwako, nina miaka saba, na hakuna kitu kinachoweza kuharibika. Nikaondoka zangu.”

Wakajifunika turubai, wakayamulika mayai kwa tochi bila kuyainua. La kwanza lilikuwa na pete nyekundu na giza lililotulia. La pili vivyo hivyo. Mzee hakuhitaji kuelezwa. Pete hiyo ya kifo ameiona kwenye mayai ya kuku maelfu. La tatu, lile lililogoma, lilijaa mishipa kama jani lililoshikwa juani, na katikati yake kitu kikatikisika.

“Kipo,” Daktari alinong’ona. “Baba, kipo hai.”

“Basi niondoeni hapa. Sitaki kulikaribia.”

“Huondoki.”

“Binti yangu, nimeshaua wawili.”

“Tumeua. Na huyu joto lake atapima nani? Kipimajoto nilikikalia njiani, kimebaki unga.”

Mzee akabaki. Lakini mikono aliibana kwapani siku nzima, na alipotaka kuongeza majani alimwita binti aongeze yeye. Alichokubali kutumia ni jicho tu. Alilala kifudifudi, akaliweka kwenye gamba, akasema, “Ongeza kidogo. Hapo. Basi, mama, basi, usimchemshe.” Siku zikapita hivyo, mzee akilala juu ya majani na binti ameketi karibu yake, wakizungumza mambo ambayo nyumbani hayakuwahi kupata nafasi.

“Shuleni nilikuwa nawadanganya wenzangu,” Daktari alisema siku moja, akichambua jani. “Niliwaambia baba yangu dereva wa lori. Sikutaka wajue wewe ndiye Mtetea.”

“Nilijua.”

“Ulijua?”

“Mwalimu wako alinisimamisha njiani akaniuliza lori langu linabeba tani ngapi.”

“Ee Mungu. Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia liko gereji.” Akafikiri. “Kila tulipokutana alinipa pole. Mwaka mzima lori haliponi.”

Daktari alicheka, kisha akawa hacheki, na akaegemeza kichwa kwenye bega la baba yake. Mzee alitoa mkono mmoja kwapani akampapasa nywele. 

Siku ya kumi na moja, jua likiwa bado la asubuhi, mzee aliinua kidole. “Nyamazeni.”

Kutoka ndani ya yai ilitoka sauti, nyembamba, yenye kukwaruza, kama mlango mdogo. Ikakoma. Ikarudi.

“Anatoka!” Daktari alishaingiza mikono biwini. “Tumsaidie, Baba, gamba nene hili, atashindwa…”

“Acha.”

“Akichoka je?”

“Mwanangu, la kugeuza nilikosea, na nitalibeba. Lakini hili silikosei. Mtoto wa ndani ya yai akilia, hatuiti sisi. Anamwita mama yake, na mama humjibu. Kwenye mashine hakuna mama, ndiyo maana najibu mimi, ko ko ko, wenzangu wananicheka. Hapa mama yupo. Tuondoe majani ya juu sauti itoke, tubebe mahema, twende mbali. Na huyo rubani kesho asije.”

Daktari alimtazama baba yake, akatazama yai. Lingine halikuwapo. Kama mzee amekosea tena, kitoto kingekufa ndani ya gamba huku wao wamejificha vichakani, na jina lingeandikwa la nani lilijulikana. Akachukua simu ya upepo, akamwambia rubani asiruke mpaka aitwe.

“Na chakula?” mpiga picha aliuliza. “Tuna biskuti za kesho tu.”

“Utakonda, upendeze.”

Walijificha umbali wa zaidi ya hatua mia, wakalala chini. Kitoto kililia, kikapumzika, kikalia. Saa nzima haikutokea kitu. Ya pili vilevile. Sauti ikaanza kufifia, na mzee akafumba macho, midomo ikicheza, ko ko ko, bila sauti. Daktari alimshika mkono. Ndipo vifua vyao, chini pale, vikazisikia hatua za Bibi.

Alitoka mitini polepole, shingo imeshushwa, kichwa kikienda karibu na ardhi kama mtu anayetafuta sindano. Akafika. Akatoa mlio mzito, wa tumboni, na yai likamjibu. Akalibana kati ya midomo, huyo mkubwa kuliko ghorofa, akalipasua taratibu kuliko wewe unavyomenya yai la kuchemsha. Kitu kilicholowa, kirefu kama mkono wa mtu, kikaanguka kwenye majani, kikasimama, kikaanguka, kikasimama. Bibi akakipulizia kwa pua mpaka kikakauka.

“Umepiga?” Daktari alinong’ona.

“Nimepiga,” mpiga picha alisema, machozi yakimtoka. “Sijui nimepiga nini.”

Mzee alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye majani, na binti yake amemkumbatia mgongoni.

Katika picha arobaini, thelathini na nane zilikuwa za majani. Mbili zinaonyesha mguu. Walikaa siku tano zaidi, wakarudi wamekonda. Daktari aliandika taarifa yake yote, pamoja na kwamba mayai mawili yalikufa kwa kugeuzwa na kwamba yeye hakutoa onyo, akaondolewa kwenye uongozi wa misafara. Sasa anafundisha mwaka wa kwanza. Mlima umewekewa amri ya kutokaribiwa. Rubani alipita juu sana miaka miwili baadaye akaona shingo mbili, moja fupi. Baada ya hapo aliacha kuruka kwa sababu ya macho. Mpiga picha anapiga harusi na pasipoti. Mzee alirudi kazini, akaangua vifaranga miaka minne mingine, akastaafu, akahamia kwa binti yake, na akafa hapo kwa ugonjwa wa mapafu. Kiwanda kilifungwa. Jengo sasa ni ghala la saruji.