Kidumu cha Sumu Juu ya Maporomoko

Mto Mulunguni huanzia mlimani, ndani ya msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa wazee, nyuma ya kijiji cha Marafa, na anayeingia msitu huo huvua viatu na kuacha chuma chochote langoni. Ndiyo desturi. Basi siku hiyo Mwambire na shemeji yake Jedida, walinzi wa mto, walikuwa na fimbo tu walipowakuta wanaume wawili juu ya maporomoko, mabuti ya mpira miguuni, mapanga mikononi.

"Shemeji," Jedida alinong'ona, "kumbe desturi ni ya sisi wawili tu."

"Tangulia. Mimi nitakulilia vizuri."

Mmoja wao alikuwa Kalume, jirani yao, mkulima wa nyanya. Kwapani alibana kidumu cha dawa ya wadudu. Akiimwaga hapo, kambare wote wangeelea, wao waokote wakauze. Na kijiji kizima kule chini, Hope na watoto wengine wa Jedida wakiwemo, hunywa maji hayohayo.

"Kalume, hata mwanao anakunywa hapa," Jedida alisema.

"Nimemwambia anywe soda."

Mwenzake akamrukia Mwambire. Panga likashuka, fimbo ikakatika, na vidole viwili vya Mwambire vikabaki kwenye majani. Mwambire akamtwanga pua kwa kichwa mpaka mfupa ukalia. Yule akarudi nyuma, akakanyaga jiwe lenye utelezi. Buti halina vidole vya kushikilia. Kisogo kikapasukia mwambani, naye hakuinuka tena.

Jedida, miguu peku, aliyashika mawe kama kima. Akampiga Kalume mkono, akampiga goti, akampiga mkono tena. Kidumu kikamtoka, kikaanza kubingirika kuelekea majini, kizibo kimelegea. Kalume naye akatumbukia. Mabuti yakajaa maji, yakamvuta kwenye maporomoko. Akadaka mzizi.

"Mama Hope, mkono. Nipe mkono, dada yangu."

Kalume alikuwa kushoto, kidumu kulia. Jedida akaenda kulia. Akakidaka kikiwa kimeshagusa tope, akakaza kizibo, akakipandisha mbali na ukingo, kisha akageuka.

Mzizi ulikuwa ukitikisika, hauna mtu.

Mwambire alikuwa ameketi, amefunga mkono kwa shati lililolowa damu. Hakuwa na utani tena.

"Shemeji, mkewe utamwambia nini?"

Jedida akachungulia chini kule maji yalikotulia.

"Tumtoe kwanza. Watu wanakuja kuteka maji."