Dola Nne kwa Kila Kitenge

Niliitwa mwizi saa tatu ya asubuhi, mbele ya magunia yangu ya unga, na aliyeniita alikuwa bado hajalipa kilo mbili alizochukua kwangu kwa deni. Jina lake ni Victoire. Hakulitamka neno lenyewe, mdomo wake una adabu za kanisani. Alininyoshea simu tu.

"Mama Katungu, angalia hii photo, kisha utaniambia we mwenyewe."

Nikaangalia. Kitenge chetu, kile cha buluu chenye njiwa weupe, kilikuwa kimetundikwa mlangoni pa duka la Papa Lusenge kule Butembo. Chini yake kipande cha katoni kimeandikwa kwa kalamu nene: dola 12.

"Nilienda Butembo ku kilio," Victoire akasema, "nikapita pale. Siye tulikupatia kumi na sita, kila mutu. Donc ile dola ine ilienda wapi?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapima maharage pembeni wakaacha kupima.

Ngoja niseme mambo yalivyokuwa, kwa sababu yamesemwa vibaya na watu wengi. Nauza unga wa muhogo katika soko la Beu, hapa Beni, na kwa miaka sita nimeshika sanduku la akina mama wa parokia yetu. Kijana wa mtaa wetu alikuwa amepata upadri, na sisi akina mama thelathini na wawili tukapatana kuvaa sare moja siku ya misa yake ya kwanza. Nilitumwa mimi kununua, kwa sababu wanasema nina mdomo wa kupatana bei. Ninao, sikatai. Papa Lusenge alianzia ishirini. Nilimvuta na kumvuta, nikatoka mara mbili nikijifanya naenda duka la jirani, mpaka akashuka kwenye kumi na sita huku amekunja uso. Wiki moja baadaye mzigo mwingine wa kitenge kile kile ukaingia mjini, wenye maduka wakaanza kunyang'anyana wateja, na bei ikaanguka mpaka kumi na mbili. Ndivyo biashara ilivyo. Mtu yeyote anayeuza hata chumvi analijua hilo.

"Bei imeshuka," nikamwambia Victoire. "Siku ile ilikuwa kumi na sita."

"Sawa. Leta facture."

Karatasi ya duka ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku, na ilikuwa imeandikwa kumi na mbili.

Niliomba mwenyewe iandikwe hivyo. Barabarani, ukishuka kutoka Butembo na mzigo, kwenye barrière ya ushuru wanadai facture na wanakutoza kufuatana na kilichoandikwa. Kwa hiyo kila mtu anamwambia mwenye duka aandike kidogo. Nilimwambia Lusenge aandike kumi na mbili, akaandika bila hata kuinua kichwa, jinsi anavyowaandikia wote. Zile pesa zilizookoka pale barrière nililipia gari la kuleta mzigo, ili akina mama wasichangishwe mara ya pili. Nilijiona nina akili sana. Shetani angeweza kuchagua namba yoyote siku bei iliposhuka, akachagua ile ile ya karatasi yangu.

Na msiniambie kwamba akina mama hawaijui hila hiyo. Victoire mwenyewe ameifanya na sabuni, ameifanya na masufuria. Lakini watu wakishakasirika wanasahau hata wanachokijua, hasa kama kukumbuka kutamwokoa mtu wanayetaka kumwangusha.

Jioni walinikalisha kwa Mama Hadassa, mkubwa wa chama. Facture ikapita mkono kwa mkono. Duka linasema kumi na mbili, karatasi inasema kumi na mbili, na Katungu peke yake anasema kumi na sita.

"Niliomba aandike kidogo juu ya barrière," nikasema. "Munajua vile tunafanyaka."

"Tunajua," Mama Hadassa akajibu, "mais leo unataka tuamini mudomo, tuache karatasi. Uko na siku tano. Siku ya Mungu kisha misa, ulete ile ine ya kila mutu, ao ulete ushahidi. Ukikosa, tunakupeleka kwa padri."

Sikuogopa padri. Niliogopa simu iliyopigwa usiku ule ule na Mbusa, anayeniletea magunia ya unga. Mimi sina mtaji. Nachukua unga leo, nauza, nalipa wiki ijayo, na kinachosimama badala ya pesa ni jina langu tu. Kwa miaka yote Mbusa hakuwahi kuniuliza nitalipa lini. Usiku ule aliuliza.

Ijumaa nikapanda Butembo. Baridi ya kule ilinikuta na kitambaa kimoja tu begani, na hasira ikanipatia joto lililobaki. Papa Lusenge alikuwa nyuma ya meza yake, koti limefungwa mpaka kidevuni. Aliponiona akainamia kikokotoo kama mtu anayesali.

"Wavukire, Papa Lusenge."

"Eeh."

"Bikwembe byangu, bile bitenge bya njiwa, ulinikamata kumi na sita. Sasa unauzisha kumi na mbili. Unirudishie ine ku kila kimoja."

Akacheka. Si kicheko cha kuficha, kicheko cha tumbo zima. "Mama, ukinunua nyanya leo, kesho ishuke, unarudiaka ku mwenye shamba na mukono mbele?"

"Nyanya hainiletee batu makumi tatu benye kuniita mwizi."

"Hiyo haiko mambo yangu."

"Basi uandike facture ya kweli. Andika kumi na sita, tarehe ya siku ile."

Hapo akakiweka kikokotoo chini. "We njo ulisema niandike kumi na mbili. Niliandika. Leo bei iko kumi na mbili. Karatasi yako na bei yangu biko sawa. Unalilia nini tena? Toka, unanifungia hewa."

Nilitoka, lakini sikufika mbali. Mlangoni palikuwa na robota la nguo ambalo halijafunguliwa. Nikalikalia, miguu yangu ikaziba nusu ya njia, na kila aliyekuja nikamsalimu vizuri.

"Mama, unakuja kununua ile ya njiwa? Ungoje kwanza. Wiki mbili zilizopita alinikamata kumi na sita, leo iko kumi na mbili. Wiki ingine itakuwa mangapi?"

Wanawake wawili wa Kirumba, waliokuja na pesa zao zimefungwa kwenye pindo la nguo, wakasikiliza, wakatazamana, wakarudi walikotoka. Baada yao bwana mmoja aliyetaka vipande kumi vya harusi. Kisha masista. Lusenge akaanza kupiga kelele kutoka ndani. Aliniita kichaa, aliniita mchawi wa Beni, alisema mume wangu alikufa kwa kuusikia mdomo huu. Nikamjibu kwamba mume wangu alikufa kwa malaria, na kwamba mke wake yeye ndiye wa kuhurumiwa. Watu wa maduka ya ng'ambo walitoka kutazama.

"Nitaita polisi!"

"Ita. Bakuje. Nitabaonyesha facture, nibaeleze vile unaandikaka."

Nilijua kwamba na mimi ningeoga maji hayo hayo. Sikujali. Yeye alijali, akarudi kwenye kikokotoo chake.

Saa tisa alikuja mlangoni mwenyewe, akainama karibu na sikio langu. Jicho lake lilikuwa jekundu.

"Nitakupatia moja. Nikikupatia makuta, pesa mukononi, siandike kitu. Nikiandika karatasi, makuta hapana. Uchague, kisha utoke hapa."

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Wakati ule sikulifikiria hata kwa urefu wa Salamu Maria moja. Karatasi ilikuwa imekwisha kuniumiza. Facture ya pili inayosema kumi na sita, nani asingesema nimeipika? Lakini pesa ni pesa, ukiiweka mezani kila mtu anaiona. Na zaidi ya hayo, nasema wazi, nilitamani kuona mkono wa Lusenge ukitoa.

"Makuta," nikasema.

Akazitupa noti sakafuni, moja moja, akihesabu kwa sauti, na mimi nikaziokota moja moja mpaka dola mia moja ishirini na nane zikatimia.

"Usirudie hapa hata kununua sindano."

"Hata unigawie kitenge bure, sitakivaa."

Njiani kurudi nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimwambia dereva habari yote, nikawaambia abiria, nikamnunulia ndizi mama asiyenijua. Nilikuwa nimemshinda mfanyabiashara wa Butembo ndani ya duka lake mwenyewe. Ni wangapi wanaweza kusema hivyo?

Jumapili baada ya misa tukakutana kwa Mama Hadassa. Walikuja wote thelathini na mmoja, hata wale ambao kwenye mikutano ya kazi hatuwaoni. Nikaziweka noti mezani.

"Dola mia moja makumi mbili na munane. Ine ya kila mutu, hata yangu imo. Papa Lusenge amerudisha."

Victoire akaanza kucheka.

"Papa Lusenge amerudisha? Magasin ya Butembo? Pale hata bakuuzishe biatu bibili byote bya kushoto, habarudishake!"

Wote wakacheka. Kilichonichoma ni kwamba mimi pia, kama mwingine angekuja na hadithi hiyo, ningecheka mpaka nishike mbavu. Wafanyabiashara wa Butembo hawarudishi pesa. Tunalijua hilo tangu kuzaliwa. Nilikuwa nimewaletea ushahidi ambao hauwezekani.

"Mumupigie simu!" nikapiga kelele. "Mupige sasa hivi, batu bote basikie."

Mama Hadassa akapiga, akaiweka simu mezani ikisema kwa nguvu. Akamweleza vizuri, kwa heshima, kwamba kuna mama wa Beni anayesema amerudishiwa pesa za bikwembe.

"Miye?" sauti ya Lusenge ikasema. "Miye sirudishaka makuta ya mutu, mama. Hapana, hata siku moja. Bikwembe biko kumi na mbili, mukuje tu."

Akakata. Nilimwelewa. Angekubali, Jumatatu kila aliyenunua kwa kumi na sita angekuwa mlangoni pake. Nilimwelewa, na nikamlaani kwa kila kitu anachokipenda.

Mama Hadassa akasimama, akaunganisha viganja vyake. Sauti ilikuwa tamu, ile ya kusoma masomo kanisani.

"Bamama, tusimuhukumu. Nani hajaanguka? Mama Katungu ameona kosa yake, amerudisha byote, hata dola moja haikosi. Ni batu bangapi banarudishaka? Tunamusamehe."

Wakapiga makofi. Bibi mmoja mzee akanikumbatia, akaniambia "wasingya, wasingya," kama mtu anayenishukuru kwa zawadi. Alinukia moshi wa jikoni na alikuwa na machozi ya kweli.

"Munanisamehe nini?" nikasema. "Sikuiba! Munasikia? Sikuiba!"

"Imekwisha, mama," Mama Hadassa akasema. "Sanduku litakaa kwa Mama Victoire. We upumuzike kwanza."

Nimetukanwa na askari walevi. Nimetukanwa na wadai, na wiki ile nilikuwa nimetukanwa na Lusenge mbele ya mtaa mzima. Yote nilirudisha kwa mdomo. Lakini watu wanaokusamehe hawana pa kushika. Ukibisha, wanatikisa kichwa kwa huruma. Ukilia, wanasema toba imeingia. Niliwatazama, nyuso thelathini na moja zimejaa wema, na nikawachukia wote pamoja na yule bibi.

Victoire akanyosha mkono kuzichukua zile noti. Mkono wangu ulifika kwanza.

"Kama niliiba," nikasema, "basi ni zangu."

Nikazikusanya, nikazitia kifuani, nikatoka. Hakuna aliyenifuata. Hakuna aliyepiga hata ukelele. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa miti nilipomsikia Victoire, taratibu kabisa, akisema, "Muliona?"

Wiki nzima alikuwa amenisingizia. Sasa alikuwa amesema kweli, na mimi nikaendelea kutembea, pesa zao kifuani.